Toleo la Majaribio Nililompelekea Mwalimu Kyaruzi

Vijana wa karakana mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau, mkasema kurasa mbili zinatosha. Zitazidi. Mkichoka mnaweza kuruka, kama mnavyoruka maelekezo ya kila kifaa kinachoingia humo. Habari za kupanda cheo sitaziandika, maana ngazi yenyewe ilikuwa fupi. Nitaandika zaidi kuhusu mifumo ya kompyuta ya majaribio, ile mnayoiita beta, jinsi inavyowekwa na jinsi inavyoondolewa, na kuhusu mzee mmoja wa Kamachumu niliyemwekea.

Nilifika karakana ya Rwamishenye nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Wakati huo tulitengeneza mashine za chapa na mashine za kudurufu za shule na ofisi. Siku ya kwanza nilipewa kopo lililojaa skrubu nikaambiwa nizipange kwa ukubwa. Nilizipanga mpaka jioni, mgongo ukauma. Msimamizi wetu, Mama Kokubanza, alikuja akazitazama, kisha akazirudisha zote ndani ya kopo.

"Hazikuwa na haja ya kupangwa, Mama?" nikauliza.

"Hazikuwa nayo," alisema. "Nilitaka kujua kama wewe ni mtu wa kumaliza."

Mama Kokubanza alianza kazi kama mpiga chapa. Alichoka kumsubiri fundi kila mashine yake ilipokwama, akaanza kuifungua mwenyewe, kisha akafungua za wenzake, mwishowe akaacha kupiga chapa. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusafisha mashine kwa brashi ya kupaka rangi, kutolazimisha skrubu, na kutomwambia mteja "hili ni dogo" kabla ya kufungua. Kompyuta zilipoingia mkoani hakushtuka. Alisema ni mashine ya chapa iliyojifunza kusahau, na kwamba kazi yetu ni ile ile ila sasa tutalaumiwa zaidi.

Tulihudumia shule, zahanati na ofisi za Bukoba mjini na Muleba. Adui wa kwanza alikuwa vumbi jekundu la barabara za Muleba, wa pili radi, wa tatu umeme wenyewe. Msimu wa senene ulikuwa na mambo yake. Niliitwa shule moja ambayo kompyuta ya ofisini ilikuwa inanukia vizuri kisha ikazima. Nilipoifungua nikakuta senene wamefuata taa wakaingia kwenye kisanduku cha umeme, wamekauka na kuiva. Mhasibu wa shule aliniuliza kama wanalika. Nilimwambia kitaalamu sina jibu. Nilipotoka kunawa mikono na kurudi, hawakuwapo.

Nikirudi kwenye beta. Mfumo endeshi ndio programu kubwa inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa na kuziamuru nyingine zote. Toleo la majaribio ni mfumo ambao waundaji wake hawajaumaliza, wanaugawa kwa wanaojitolea ili waambiwe unakwama wapi. Intaneti ilipofika karakana nilijiandikisha miongoni mwa wanaojitolea. Hakuna aliyenituma. Nilipenda kuwa na kitu ambacho Kagera nzima, kwa hesabu zangu, hakuna mwingine mwenye nacho. Hesabu hizo sikuwahi kuzihakiki.

Toleo langu la kwanza nililiweka kwenye kompyuta ya mhasibu wetu wa karakana, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mpya kuliko zote. Rangi zilimpendeza. Mwisho wa mwezi akataka kuchapa hati za malipo, printa haionekani. Ilikuwa mezani, imewaka, waya umechomekwa, ila kompyuta ilikana kabisa kuifahamu. Niliwaandikia waundaji kueleza. Nikajibiwa kwa shukrani nyingi. Printa haikurudi.

Hapo ndipo nilipojifunza kutoka. Kuingia kwenye majaribio ni kubofya tu. Kutoka kuna shida yake. Siku chache za mwanzo mashine huwa imeuhifadhi mfumo wa zamani pembeni, na unaweza kurudi kama mtu aliyesahau mwavuli. Siku hizo zikipita, mashine huufuta ule wa zamani ili kupata nafasi. Tangu hapo, ukitaka kutoka bila kupoteza kitu, unaiambia kompyuta kwamba hutaki majaribio mengine, halafu unasubiri mpaka toleo lililokamilika litoke na kulifunika lile lako. Usipotaka kusubiri, unatoa kila kilichomo, unafuta diski yote, unaweka mfumo uliokamilika, na kurudisha kazi ya mtu faili kwa faili. Kila niliyemweleza haya aliniuliza kama hakuna njia nyingine. Na mimi niliuliza hivyo hivyo.

Kompyuta ya mhasibu niliifuta na kuijenga upya wikiendi nzima. Jumatatu Mama Kokubanza aliniita.

"Nieleze hicho kitu ulichomwekea ni nini."

Nikamweleza. Akafikiri.

"Hiyo ni rubisi ya siku moja," akasema.

Kwetu juisi ya ndizi ikishakamuliwa huitwa omulamba, na hata mtoto hunywa. Ikichanganywa na mtama na kufunikwa, inageuka rubisi, na hiyo ni ya wakubwa. Katikati kuna muda ambao si omulamba tena na bado si rubisi. Anayeinywa wakati huo hujibiwa na tumbo lake.

"Sasa mwenye rubisi hufanyaje kabla ya kumpa mgeni?" aliniuliza.

"Huonja mwenyewe kwanza, mgeni akiona."

"Basi na wewe onja. Weka kwenye mashine yako, kaa nayo. Ikikuua, tutakuzika. Usianze na mgeni."

Ikawa sheria ya karakana, na mnaijua, ingawa nadhani wengi wenu hamjui ilitoka wapi. Niliishika kwa miaka yote iliyofuata. Nililoharibu baadaye niliharibu nikiwa nimeishika.

Miaka mingi baadaye, Mama Kokubanza akiwa ameshastaafu na kuhamia kwake Nshambya, nilikwenda Kamachumu kutengeneza kompyuta za shule. Nilipomaliza, mwalimu mkuu aliniomba nipite kwa mwalimu wa zamani aliyekuwa na tatizo na laptopu yake. Ndivyo nilivyofahamiana na Mwalimu Kyaruzi. Alikuwa amefundisha sayansi na kilimo katika shule za msingi, sasa mjane, anaishi na binti yake Kemilembe, fundi cherehani. Nilikaribishwa kahawa ya kutafuna, kisha akaniambia shida yake bila kuizungusha.

"Macho yangu yana presha, Fundi Erasto. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Dawa aliyonipa ni ya kupunguza mwendo tu."

"Pole sana, Mwalimu. Na kuandika unaandikaje?"

"Kuandika naandika, vidole vinajua njia. Kusoma nilichoandika ndiyo kazi."

Kemilembe akadakia kutoka kwenye cherehani yake. "Juzi kaandika ukurasa mzima kumbe mkono umehama herufi moja. Ilikuwa kama Kirusi."

"Kilikuwa Kirusi kizuri," alisema Mwalimu. "Hukukisoma mpaka mwisho."

Alikuwa anaandika kitabu cha migomba. Kila aina ya mgomba iliyowahi kupandwa upande wao, jina lake la Kihaya, ililetwa na ukoo gani, inaliwa vipi, na unaitambua kwa nini ukikutana nayo shambani: umbo la mkungu, mwinamo wa majani, rangi ya shina. Mnyauko ulikuwa umeingia mashambani na watu waling'oa migomba kwa wingi. Aina nyingine zilibaki kwa mtu mmoja au wawili. Mwalimu alikuwa haandiki aina yoyote kabla ya kwenda kuitazama tena kwa macho yake, hata kama ameijua tangu utotoni. Alisema kumbukumbu ni kama mwanafunzi wa nyuma, hunyosha mkono hata asipojua.

Kwa hiyo alikuwa na kazi mbili zinazotumia macho, kutazama na kusoma, na macho yenyewe yakipungua. Nililielewa hilo vizuri siku ile ile.

Nilimwashia kikuza maandishi, kile ambacho kila mfumo unacho. Herufi zikawa kubwa kiasi kwamba maneno mawili tu yalienea kwenye kioo. Alisoma polepole, kama mtu anayekula muhindi punje moja moja, lakini alisoma. Ningepaswa kuishia hapo.

Nikamwambia kuna toleo la majaribio ninalolitumia, lina sauti mpya ya kusoma Kiswahili kwa ufasaha, na haihitaji intaneti kusoma. Toleo la kawaida halina.

"Lina kasoro?" aliuliza.

"Ndogo ndogo."

"Wewe unalitumia tangu lini?"

"Miezi kadhaa sasa."

"Basi umeonja."

"Nimeonja, Mwalimu."

"Na nikilichoka?"

"Unatoka wakati wowote," nikasema.

Nilichukua laptopu yake mjini, nikaiwekea toleo lile, nikairudisha mwenyewe. Nilipoiwasha na sauti ikaanza kusoma ukurasa wake wa kwanza, Kemilembe alisimamisha cherehani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, Kiswahili safi. Ilipofika kwenye majina ya Kihaya ikayatamka kama majina ya dawa za mifugo. Entobe ilitoka kwa namna ambayo siwezi kuiandika.

"Huyu ni mgeni," alisema Mwalimu. "Muacheni, atazoea."

Wakaiita Mgeni tangu siku hiyo. Wiki zilizofuata alikuwa akinipigia simu kunipa habari. Mgeni amesoma sura nzima bila kukohoa. Mgeni amemkumbusha kwamba ameandika jambo moja mara mbili. Asubuhi alikwenda kutazama migomba, mchana akaandika, jioni akasomewa. Macho aliyokuwa akiyatumia kusoma sasa aliyahifadhi kwa ajili ya shamba. Kazi ilikwenda mbio. Nilijisikia vizuri sana, na niliwasimulia, wengine wenu mnakumbuka, tena zaidi ya mara moja.

Halafu Kemilembe akapiga.

"Shikamoo baba. Laptopu ya mzee inajizima yenyewe. Anaandika, inazima, anawasha, inazima tena."

"Betri?"

"Imechomekwa kwenye umeme. Kabla ya kuzima inaandika kitu kwa Kiingereza."

"Kinasemaje?"

Akanisomea polepole. Kilisema kwamba toleo hili limefika mwisho wa muda wake.

Nieleze hapa, maana ndilo jambo ambalo ningependa mlishike kuliko mengine. Kila toleo la majaribio huzaliwa na siku yake ya kufa. Waundaji hawataki watu wabaki kwenye kitu kibovu, kwa hiyo wanakiwekea mwisho. Aliye na intaneti hajui, kwa sababu toleo jipya huja na kusogeza siku ile mbele, kila mara, kimya kimya. Asiyepokea matoleo mapya hufika siku yake. Mashine huanza kujizima, na baada ya muda hukataa kuwaka kabisa.

Laptopu ya Mwalimu haikuwa na intaneti. Hakuihitaji. Ndiyo maana nilimsifia sauti isiyohitaji intaneti. Kuhusu mwisho wa muda nilikuwa nimesoma siku ya kujiandikisha, na sikuwahi kuuona ukitokea, kwa kuwa mashine yangu ilikaa karakana ikinyonya intaneti mchana kutwa.

Kemilembe aliituma kwa basi ikiwa imefungwa kwenye kanga na majani makavu ya mgomba. Saa ile ile ilipofika nilitoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine, nikanakili kazi yake yote mahali pawili. Hakikupotea hata kipande. Nikampigia.

"Mwalimu, kazi yako yote ipo salama."

"Nashukuru sana. Na Mgeni?"

"Mgeni ndiye ninayemtafuta. Nitamrudisha."

"Basi hakuna haraka, waitu."

Mimi ni Mhaya, nimezaliwa Kahororo. Najua mzee wetu akikuita waitu, yaani mwenzetu, na kukwambia hakuna haraka anakusaidia usione aibu, na wewe unapaswa kukimbia. Nilichagua kuyapokea maneno yale kama yalivyo, kwa sababu yalinifaa.

Kazi iliyotakiwa ilikuwa ya mchana mmoja. Kufuta, kuweka mfumo uliokamilika, kurudisha kazi yake, kuwasha kikuza maandishi, kupandisha laptopu kwenye basi la kesho. Angekosa sauti, angebaki na herufi kubwa alizokuwa akisoma punje kwa punje. Lakini mimi nilikuwa nimempa sauti. Kurudisha mashine bila sauti niliona ni kama kumpelekea mtu sahani baada ya kula nyama. Nikaamua kuweka toleo jipya zaidi la majaribio. Hilo halikuwa na sauti ya Kiswahili, walikuwa wameiondoa kuirekebisha. Nikasubiri lililofuata. Sauti ilirudi, kibodi ikagoma. Lililofuata lilikuwa zuri kwa wote niliosoma habari zao, lakini kwenye laptopu ile liliganda kila liliposoma mstari wa tatu. Kila moja nilijiambia ni la mwisho. Wanaocheza bahati nasibu nilikuwa nikiwacheka.

Katikati ya hayo nilikwenda Nshambya kumsalimia Mama Kokubanza, nikamweleza nikitarajia anipe pole. Alikuwa anamenya ndizi uani. Hakuacha kumenya.

"Lakini nilionja, Mama. Sheria niliishika."

"Ulionjea wapi?"

"Hapa mjini. Karakana."

"Na yeye anakunywa wapi?"

Nikachukua ndizi moja nikaanza kumenya.

"Kuonja si kusema mimi sikufa," alisema. "Ulionja kwa tumbo lako na chakula cha kwako. Mpe ile ya zamani."

"Nikimpa ile ya zamani atakosa sauti."

"Hivi sasa ana nini?"

"Hana kitu."

"Basi umeshajibu. Leo, Erasto. Usingoje Jumatatu."

Nikamwambia nimeelewa. Nilipofika karakana nikakuta toleo jipya limetoka asubuhi ile. Nikaanza kulipakua.

Kuna jambo jingine, na hili hakuna aliyenikumbusha, niligundua mwenyewe nikiwa nimeshastaafu, nikiwa kanisani tena, wakati wa matangazo. Kwenye kabati la karakana kulikuwa na laptopu kuukuu, nzima, ya akiba. Ningeweza kumtumia aitumie wakati nikihangaika na yake. Miezi yote ile haikunijia akilini. Nilikuwa nafikiria mfumo, sikumfikiria mtu aliyekaa mezani bila mashine.

Mwalimu hakupiga simu kulalamika. Alituma salamu. Alituma mkungu wa ndizi kwa basi, nikala.

Siku moja mchana walikuja wenyewe, yeye na Kemilembe, wakitokea kliniki ya macho mjini. Nilimwona mlangoni nikainuka. Alinisalimu vizuri kama kawaida, ila aliyesalimiwa alikuwa bega langu. Alipotaka kukaa, mkono ulitangulia kutafuta kiti. Kemilembe hakumshika. Nadhani walikuwa wameshakubaliana kuhusu hilo.

"Tumepita kukusalimia, Fundi," alisema Mwalimu. "Tusikuharibie kazi."

"Sisi tumekuja kuchukua laptopu," alisema Kemilembe. "Ikiwa nzima, ikiwa mbovu."

"Kemi," alimkatiza baba yake.

"Tata, nina haki ya kusema. Baba Erasto, ulisema unamtafuta Mgeni. Umemtafuta masika yote, na kiangazi kikaanza. Daktari leo amemuuliza ameacha lini kuona vidole. Amesema hajui, kwa sababu hakuwa na kitu cha kusoma cha kujipimia."

Nikaanza kumweleza kuhusu toleo ambalo waliondoa sauti na lile ambalo kibodi iligoma. Nilisikia maneno yangu yakitoka, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililomhusu. Kemilembe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ile ya zamani yenye herufi kubwa ilikuwepo siku zote," alisema.

"Ilikuwepo."

"Kazi yake muda gani?"

"Mchana mmoja."

Kemilembe alitoa kitambaa kwenye mkoba akaanza kushona pindo, pale pale kwenye benchi la wateja.

Nikafuta diski mbele yao. Niliweka mfumo uliokamilika, nikakataa kila swali lililoniuliza kama nataka kujaribu mambo mapya. Mwalimu alikaa akisikiliza, akaniuliza sasa hivi nafanya nini, nikamwambia, akauliza inayofuata. Jua lilipoanza kushuka upande wa dirisha mashine ilikuwa tayari, kazi yake imerudi yote, inakwenda vizuri kuliko siku nyingine yoyote. Nikawasha kikuza, nikakipeleka mpaka mwisho, herufi moja ikajaa kioo.

"Unaona, Mwalimu?"

Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akageuza kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Naona mwanga," alisema. "Mwanga mzuri." Kisha akarudi nyuma kwenye kiti. "Basi nisomee nilipoishia."

Nikashusha mpaka mwisho wa maandishi. Lilikuwa jina la mgomba ambalo sikuwahi kulisikia, ulioletwa na ukoo mmoja kutoka ng'ambo ya mto, unaopikwa siku za matanga tu. Nikasoma kwa sauti. Maneno ya mwisho yalikuwa: "Utautambua kwa shina lake, ambalo lina wekundu upande wa". Hapo palikatika.

"Upande wa wapi, Mwalimu?"

"Ndipo ilipozima," alisema. "Asubuhi yake nilikuwa niende kwa jirani nikautazame tena. Kuna wekundu chini unapotoka ardhini, na kuna wekundu juu majani yanapoanza. Mmoja ni wa huu, mwingine ni wa ndugu yake. Sikutaka kubahatisha."

"Kemilembe anaweza kwenda kuutazama."

"Jirani aling'oa," alisema Kemilembe bila kuinua macho kwenye pindo. "Mnyauko. Aling'oa shamba lote baada ya Pasaka. Ulikuwa kwake tu."

Mwalimu aliuliza kama mimi niliwahi kuuona. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mjini, mgomba kwangu ni mgomba. Akacheka kidogo, kwa adabu.

"Niandike nini?" nikauliza. "Niandike kwamba haijulikani?"

"Hapana. Ilijulikana." Akapangusa magoti kama mwenye chaki mikononi. "Andika: nilichelewa kuutazama."

Nikaondoa vidole kwenye kibodi.

"Mwalimu, hukuchelewa wewe. Niliyechelewesha ni mimi. Niandike hivyo."

"Kitabu kina jina la nani?"

"Lako."

"Basi andika kama nilivyosema, halafu nisomee nisikie."

Nikaandika. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali, akasema tuendelee na mgomba unaofuata, yeye atataja na mimi niandike. Tuliendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, huko kwake Kamachumu, hata baada ya mimi kustaafu, mpaka kikaisha. Kimechapwa, na kipo kwenye kabati la shule yao. Majina ya Kihaya yameandikwa sawasawa, kwa sababu alinirudisha nyuma kila nilipokosea. Na mtoto atakayekifungua kwenye ukurasa wa mgomba ule atasoma kwamba Mwalimu Kyaruzi alichelewa.